Tulipoanza Kusoma Rosa Mistika Kule Rumonge

Wengi wenu mnaijua Rumonge. Mnakumbuka mukeke, ndagala, mawese, na ule ufuko tulioshukia mwezi wa kwanza 2018, tulipokimbia Fizi kwa mitumbwi. Sisi wasichana watatu tulikuwa wanafunzi bila shule. Kabla ya kuletwa kambini tulikaa majuma machache kwa wenyeji, na hapo ndipo fundi mmoja wa nguo alituazima kitabu. Jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa cherehani. Akasema, "Someni, lakini mukirudishe."

Kilikuwa Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka 1971. Hatukuwa tumesoma riwaya ya Kiswahili hata siku moja. Kwetu vitabu vikubwa vilikuwa vya Kifaransa, Kiswahili ni cha nyumbani na sokoni.

Basi, kurasa za kwanza zilituchekesha tu. Sisi tunasema "mutoto", kitabu kinaandika "mtoto", na mwenzetu mmoja alikuwa anasoma kama padri kwenye misa. Tulidhani pia kijiji cha Rosa kiko ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Kigoma. Kumbe ni Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, alikozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944.

Halafu tukafika kwenye barua. Rosa anaandikiwa barua na kijana, Charles. Baba yake, Zakaria, mtu wa pombe, anaiona. Anampiga vibaya sana. Hapo kicheko kikaisha, maana mwenzetu mmoja alikuwa na baba wa namna ile ile (pombe hapana, mzee wake hanywi). Kule Fizi alimchania daftari zima kwa sababu ya karatasi moja ya mvulana.

Tukabishana siku mbili. Mmoja alisema Zakaria ana haki: msichana akiharibika, ni nani atamtunza, na sasa tuko ukimbizini? Mwingine akajibu kwamba kipigo kile hakikumfundisha Rosa kitu juu ya wanaume ila kuwaogopa, na mtu hawezi kuishi kwa kuogopa tu. Yule wa daftari alinyamaza.

Fundi akatuongezea woga. Alisema zamani kitabu hicho kilikatazwa mashuleni Tanzania kwa sababu kinasema mambo ya wasichana bila kuficha, na baadaye kikaruhusiwa. Tangu siku ile tulikibeba ndani ya kitenge.

Sasa, baba wa mwenzetu alikuwa amepata kibarua kwenye mtumbwi wa mwenyeji. Usiku wote alikuwa ziwani, sisi tunasoma kwa sauti bila wasiwasi. Tulisahau jambo moja ambalo watoto wa wavuvi hatukupaswa kusahau: mbalamwezi ikiwa kubwa, taa za kuvutia ndagala hazina nguvu, wavuvi wanabaki nyumbani. Tulikuwa tumerudia ile sehemu ya kipigo, tukamwona amesimama nyuma yetu na nyavu begani.

Hakuna aliyepumua. Mwenzetu alianza kukunja kitabu.

"Hapana," mzee akasema. "Rudilia pale."

Akasoma tena, sauti ikimtetemeka, kipigo chote. Mzee aliketi juu ya nyavu zake. Hakusema Zakaria ana haki, wala hakusema hana. Aliuliza tu, "Na mama yake alikuwa wapi?" Kisha akaondoka, akalala.

Kesho yake sisi tuliogopa kufungua kitabu. Jioni mzee alikuja mwenyewe, akavuta kiti.

"Ule musichana," akamwuliza binti yake, "alifikaka ku masomo?"

"Bado, papa. Tuko karibu."

"Basi soma."