Kambini: Jiko la Mkaa Lisilale Hemani



Kila inapokaribia likizo ya mwezi wa Juni, walezi wa Utoto Mtakatifu na wa vijana huanza kukusanya michango ya safari. Baadhi ya parokia huenda hija, nyingine huwapeleka watoto kuona wanyama na kulala huko usiku mmoja au miwili katika mahema. Ni jambo jema. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, aliyeitembelea nchi yetu mwaka 1990, alipokuwa padre kijana huko Poland alizoea kwenda na wanafunzi milimani na mitoni, wakapiga kambi, na Misa ikaadhimishwa juu ya mtumbwi uliopinduliwa ukawa altare. Kwa hiyo ukurasa wetu hauna nia ya kumtisha mzazi amzuie mtoto wake.

Mzazi anapotoa ruhusa huuliza habari za simba, tembo na nyoka. Ni mara chache kusikia mtu akiuliza watoto watalala na joto gani. Na hapo ndipo penye hatari ambayo huenda mkaibeba wenyewe kutoka nyumbani, ndani ya gunia, pamoja na sufuria.

Tuchukue kambi ya Simba iliyo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Ukingo huo uko kiasi cha meta 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mto wa Mbu, mnakosimama mchana kununua ndizi nyekundu, ni karibu meta 1,000 tu. Kwa kawaida hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila meta 1,000 unazopanda. Maana yake, katika safari ya saa chache mmekwisha kupoteza nyuzi kama 8, na bado jua halijazama. Ongeza ukungu, upepo na umande wa usiku. Mtoto aliyekulia Dar es Salaam au Tanga hana hata sweta ya maana.

Sasa fikiri hivi. Saa 3 usiku chakula kimekwisha, sala imesaliwa. Watoto sita wanatetemeka hemani. Mama mlezi anatazama jiko alilopikia: makaa ni mekundu, moshi hakuna hata kidogo. Anaona ni baraka kupotea bure. Analiingiza hemani, analiweka pembeni mbali na mablanketi ili lisiunguze mtu, anafunga zipu kuzuia upepo. Anafanya hivyo kwa upendo kabisa, na kwa kufanya hivyo ameyaweka maisha ya watoto wote sita hatarini.

Hewa isiyoonekana

Mkaa unapoungua mahali penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haimkoholeshi mtu. Moshi wa kuni hutufukuza wenyewe, lakini gesi hii humwacha mtu amestarehe. Watu wengi husema, "Makaa yakishakuwa mekundu hayana madhara." Si kweli. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoendelea kuitoa kwa wingi, na yale yaliyofunikwa majivu ili yafike asubuhi huitoa pia usiku kucha. Wengine huweka sufuria ya maji kando ya jiko wakidhani maji yatainywa gesi. Hayainywi. Wengine huacha zipu wazi kidogo. Upenyo huo hautoshi, maana jiko linaendelea kuzalisha, na kitambaa cha hema kikilowa umande hupitisha hewa kidogo zaidi.

Ndani ya mwili mambo huwa hivi. Chembechembe nyekundu za damu ndizo hubeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye ubongo, moyo na viungo vingine. Zinaibeba kwa kutumia kitu kiitwacho himoglobini. Gesi ya mkaa hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama basi ambalo viti vyake vyote vimekaliwa na abiria asiyetaka kuteremka, na abiria halali anaachwa kituoni. Mtu anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo unakosa oksijeni. Pale ukingoni mwa Ngorongoro oksijeni inayofika mapafuni ni kama robo tatu tu ya ile ya pwani, hivyo hakuna akiba ya kuchezea.

Watoto hupumua kwa kasi kuliko watu wazima, kwa hiyo huathirika mapema. Mama mjamzito yumo katika hatari ya pekee: gesi hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni na hukaa katika damu yake muda mrefu kuliko katika damu ya mama. Anaweza mama akapona na mtoto akadhurika.

Dalili zinazodanganya

Mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Kisha mtu hutapika, huchanganyikiwa, husinzia, na mwisho huzimia. Ubaya wake ni kwamba aliyelala hapitii hatua hizo akiwa na habari. Hutoka usingizini akaingia katika kuzimia bila kujua. Hata aliye macho mara nyingi miguu humwishia nguvu kabla hajaifikia zipu.

Kiongozi wa kambi akiletewa mtoto anayeumwa kichwa na kutapika, husema ni malaria, au chakula, au ni kimo cha mlima. Yote yawezekana. Ugonjwa wa kimo kwa kawaida huanza mtu akivuka meta 2,500, kwa hiyo wanaolala Miriakamba katika Mlima Meru au Mandara katika Kilimanjaro wanaweza kuupata, na dawa yake ni kuteremka. Lakini jiulize maswali mawili. Je, wagonjwa ni zaidi ya mmoja na wametoka hema moja? Je, wanapata nafuu wakikaa nje? Ikiwa ndivyo, na homa hawana, litazame jiko kwanza. Karabai, jiko la gesi na jenereta iliyowashwa karibu na mlango hufanya kazi ile ile.

La kufanya

Ukikuta watu wamezimia hemani, usiingie ukaanza kuwaamsha mmoja mmoja. Vuta pumzi ukiwa nje, fungua zipu zote, watoe haraka. Hapa hema ina faida kuliko nyumba: kama mko wengi, ng'oeni vigingi muiinue yote, ila mwangalieni aliye karibu na jiko asiungue. Anayepumua mlazeni kwa ubavu ili matapishi yasimpalie, mfunikeni. Asiyepumua apewe pumzi mdomo kwa mdomo na kukandamizwa kifua na yeyote aliyefundishwa. Walezi wenye cheti cha huduma ya kwanza wana thamani kubwa katika safari kama hizi, na parokia ingefanya vema kumgharimia mmoja.

Msiwape maziwa. Najua kwetu maziwa ni dawa ya kila sumu, lakini sumu hii haimo tumboni, imo katika damu, na anayesinzia akinyweshwa maziwa yatamwingia mapafuni. Dawa yake ni oksijeni. Katika hewa ya kawaida mwili huchukua saa 4 au 5 kupunguza gesi hiyo kufikia nusu. Kwa oksijeni safi ya hospitali muda huo hushuka hadi saa moja na nusu au pungufu. Kwa hiyo mwambieni askari wa hifadhi usiku huo huo, gari litafutwe, msingoje kuche hata kama mtoto ameamka na anazungumza.

Mkifika hospitali tamkeni wazi: "Walikuwa na jiko la mkaa hemani." Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na gesi. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kabisa na mgonjwa akarudishwa. Na baada ya kuruhusiwa, wazazi wamwangalie mtoto kwa wiki kadhaa. Akianza kusahau, kubadilika tabia au kuyumba anapotembea, arudishwe kwa daktari.

Joto bila moto

Baridi haishindwi kwa kujifunika juu tu. Ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa, na ndiyo sababu mtoto mwenye mablanketi mawili juu na turubai tupu chini hutetemeka hadi asubuhi. Blanketi moja liende chini. Tandikeni turubai, kisha maboksi yaliyokunjuliwa au mikeka, kisha godoro la sponji. Msikate majani ya hifadhini kutandika, hairuhusiwi.

Nguo za mchana zina jasho, zivuliwe zote kabla ya kulala, hata soksi. Kofia ya sufu kichwani. Watoto walale wakikaribiana, wadogo katikati. Chupa ya maji moto iliyofungwa barabara na kuviringishwa kanga, ikiwekwa miguuni, hufanya kazi ambayo mama mlezi alitaka jiko lifanye. Chakula cha jioni kiwe cha kushiba, na chai ya mwisho iwe na sukari. Pombe kwa walezi ni marufuku, na si kwa sababu ya adabu pekee: huleta damu kwenye ngozi, mtu akajisikia joto huku mwili unapoteza joto. Mtoto aliyeacha kutetemeka ghafla huku maneno yakimtoka kwa uzito hajapata nafuu. Baridi imemzidi, apelekwe kwenye gari, avuliwe nguo zenye unyevu, afunikwe pamoja na mtu mwenye joto.

Mengine nitayataja kwa kifupi. Chakula kisilale hemani, kwa ajili ya fisi na nguruwe pori. Anayetoka usiku kwenda haja aende na mtu mzima mwenye tochi. Na homa itakayotokea siku 7 au zaidi baada ya kupita Mto wa Mbu ipimwe malaria.

Ninawaandikia vilevile mnaoishi Mbulu, Njombe, Makete na Lushoto, ambako chumba cha mzazi aliyejifungua hufungwa madirisha na kuwekwa jiko. Yote niliyosema juu ya hema yanahusu chumba hicho.

Kwa walezi: makaa yazimwe kwa maji, yakorogwe, yamwagiwe tena. Kuyafukia kwa udongo huyaacha hai, na mtoto wa asubuhi huyakanyaga. Kisha, kabla ya taa kuzimwa, mmoja wenu ahesabu majiko mliyokuja nayo na ayaone yote kwa macho, yakiwa nje.