Ngozi ya Jirani Si Ishara: Juu ya Kufasiri Picha za Ndoto na Rangi katika Televisheni

Utangulizi

Katika semina ya vijana iliyofanyika Korogwe, baada ya somo juu ya ndoto za Yusufu, kijana mmoja aliyetoka Handeni aliniuliza swali ambalo sikulitazamia. Alikuwa ameona katika simu ya mwenzake sehemu ya tamthilia ya Kimarekani, ambamo mtu mwenye uso mweupe kama chokaa anaishi katika jumba kubwa lenye giza. Akauliza: “Mchungaji, yule ni mtu au ni pepo?” Kabla sijafungua kinywa, wenzake walikwisha kujibu. Mmoja alisema ni shetani, maana shetani hujigeuza. Wa pili alisema ni mzimu. Wa tatu, binti, alisema kwa sauti ya chini kwamba yule ni mtu mweusi aliyejikataa, kama wale wanaojipaka mkorogo. Mwinjilisti aliyekuwa pamoja nasi akafunga mazungumzo kwa kusema kwamba Mkristo hapaswi kutazama mambo kama hayo.

Jibu la mwinjilisti ni jepesi, nami nimepata kulitoa mara nyingi. Lakini katika ukumbi ule alikuwamo pia binti mwenye ualbino. Vijana waliposema kwamba uso mweupe namna ile ni uso wa pepo, yeye aliinamisha kichwa, wala hakukiinua mpaka tulipofunga kwa sala. Mimi niliona, nikanyamaza. Makala hii ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile. Nalitoa sasa kwa wachungaji wenzangu na kwa wanafunzi wa theolojia, kwa kuwa swali lile litawafikia hata wao.

Tamthilia yenyewe na mtindo wake

Tamthilia aliyoiona kijana yule inaitwa “Atlanta”. Mtunzi wake ni Mmarekani mweusi, Donald Glover, naye ndiye mchezaji mkuu. Ilionyeshwa Marekani tangu mwaka 2016 hata mwaka 2022, katika misimu minne yenye jumla ya sehemu 41. Kwa juu ni kisa cha kijana maskini anayesimamia kazi ya binamu yake mwanamuziki. Lakini mara kwa mara, bila onyo, mambo yasiyowezekana huingia katika maisha ya kawaida. Gari lisiloonekana kwa macho huwagonga watu nje ya klabu. Mwimbaji maarufu ambaye ulimwengu wote unamjua kuwa ni mzungu, humo ni mtu mweusi, wala hakuna anayeshangaa.

Mtindo huu huitwa usurealisti, yaani kuonyesha mambo kwa namna ya ndoto. Jina lake lilienea tangu mwaka 1924, mshairi wa Kifaransa André Breton alipotoa tamko lake huko Paris. Katika ndoto, vitu tunavyovijua hukutana kwa namna tusiyoijua, na hofu iliyofichwa mchana hupata sura usiku. Hapo hatuna budi kuuliza ndoto hiyo yasema nini juu ya mwenye kuiota, maana kuuliza tu kama jambo lile lilitokea hakutatufikisha mbali.

Sehemu iliyozua swali la Korogwe ilionyeshwa mwaka 2018, nayo inaitwa “Teddy Perkins”. Kijana mmoja anakwenda kuchukua piano iliyotolewa bure, anamkuta mwenye nyumba ambaye ngozi yake imepauka na uso wake hauna uhai. Mwenye nyumba anasimulia jinsi baba yake alivyompiga yeye na ndugu yake ili wawe wanamuziki wakubwa, na bado anamsifu baba huyo. Mwisho wake ni mauaji. Aliyeigiza uso ule mweupe ni Glover mwenyewe, aliyepakwa rangi.

Watazamaji wengi huko Marekani walisema kwamba hapo anasemwa Michael Jackson. Huenda ndivyo. Lakini tuangalie jambo moja. Kwa miaka mingi watu waliisoma ngozi ya Michael Jackson kama ishara kwamba aliuchukia weusi wake. Mwaka 1993 yeye mwenyewe alieleza hadharani kwamba ana ugonjwa wa mbalanga, na wengi hawakumsadiki. Alipofariki mwaka 2009, uchunguzi wa maiti ulithibitisha kwamba alikuwa nao kweli. Ulimwengu uliusoma ugonjwa wa mtu kama ungamo lake, ukakosea.

Msimu wa tatu, wa mwaka 2022, unaanza na watu wawili wanaovua samaki usiku katika ziwa, mmoja mweusi na mwingine mzungu. Mzungu anasimulia kwamba chini ya maji yale kuna mji wa watu weusi uliozamishwa. Kisha mikono inatoka majini na kumvuta mwenzake. Hiyo nayo ni ndoto, lakini ndoto yenye mizizi. Katika jimbo la Georgia lipo ziwa Lanier, lililotokana na bwawa lililokamilika katika miaka ya 1950. Upande mmoja wa ziwa hilo ni wilaya ya Forsyth, ambako mwaka 1912 watu weusi zaidi ya elfu moja walifukuzwa makwao kwa vitisho na moto. Mtazamaji asiyeijua historia hiyo ataona mizimu tu. Mwenye kuijua atasikia kilio cha damu kutoka ardhini, kama katika Mwanzo sura ya 4.

Vugiri: mtazamaji aliyedharauliwa

Pengine msomaji atasema kwamba mambo haya ni ya mbali, na kwamba washarika wetu hawawezi kuyafasiri. Hoja hiyo si ngeni kwetu. Ilijaribiwa hapa hapa.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, palikuwa na makao ya Jaribio la Sinema za Elimu kwa Wabantu. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, na wasimamizi walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu 35 zilitengenezwa, wenyeji wakiwa waigizaji. Zilihusu safura, malaria ya watoto, kodi, chai, na benki ya akiba ya posta. Maelezo yake yalisikika kwa sahani za santuri, nazo zilizungushwa katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati.

Kazi hiyo ilikuwa na mema yake. Lakini waliotengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika nyakati zile walikuwa na fikra moja: kwamba Mwafrika hawezi kutenganisha kweli na maigizo, wala kuelewa mfano. Kitengo cha Filamu za Makoloni, kilichoanzishwa London mwaka 1939, kiliifanya fikra hiyo kuwa kanuni: picha ziwe za polepole, zisizo na hila yoyote. Kulikuwa na kisa kilichopendwa sana na maofisa, cha wanakijiji walioonyeshwa picha kubwa ya mbu wakasema kwamba wao hawana shida, kwa kuwa mbu wa kwao ni wadogo.

Je, ni kweli kwamba watu hao hawakujua mfano? Wazigua na Wasambaa walilelewa kwa hadithi za sungura mwenye kusema na chui mwenye kudanganyika, na hakuna mtoto aliyetoka asubuhi kwenda kumwamkia sungura. Tena, miongoni mwa filamu za Vugiri mlikuwamo moja ya sungura na chui. Watazamaji walikuwa wafasiri tangu zamani, ila hakuna aliyewauliza. Nasi wachungaji tunapomwambia kijana, “Usitazame, hutaelewa,” tunajiunga na walimu wale wa Vugiri bila kujua.

Rangi ya kitu na rangi ya mtu

Hata hivyo kufasiri kunaweza kupotoka, na kwa habari ya rangi kumepotoka sana.

Rangi ya kitu yaweza kuwa ishara, na maana yake hutegemea mahali. Mkulima wa Handeni akiona wingu jeusi baada ya miezi ya jua kali, haoni uovu, huona chakula. Katika sehemu nyingi za nchi yetu kaniki na kondoo mweusi vilitumika katika kuomba mvua. Altare zetu hufunikwa vitambaa vya rangi mbalimbali kwa majira ya Kanisa, na kitambaa cheusi cha Ijumaa Kuu chanena huzuni, hakimneni mtu yeyote.

Lakini wengi wetu tulifundishwa katika Shule ya Jumapili kwamba moyo wenye dhambi ni mweusi. Fundisho hilo lilienezwa na kile kitabu kisicho na maneno, chenye kurasa za rangi tu, ambacho C. H. Spurgeon alikihubiri London mwaka 1866: ukurasa mweusi ni dhambi, mwekundu ni damu, mweupe ni utakaso. Tukifungua Isaya 1:18, tunaona kwamba nabii anaifananisha dhambi na rangi nyekundu. Na katika Hesabu 12, Miriamu anapomnung'unikia Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi, anapigwa ukoma na ngozi yake inageuka nyeupe. Mtu asiigeuze habari hiyo kuwa silaha dhidi ya wazungu, maana weupe ule ni ugonjwa, si taifa. Lakini hakika hakuna awezaye kuisoma sura ile na kusema kwamba Maandiko yanaufanya weusi wa ngozi kuwa laana.

Kosa huanza pale tunapoichukua ishara ya kitambaa na kuibandika juu ya mwili wa mtu. Hata mababa wa Kanisa walijikwaa hapo: Athanasio, katika maisha ya Antonio, alisimulia jinsi shetani alivyotokea kwa sura ya mtoto mweusi. Nasi tumejikwaa kwa upande wa pili. Tangu miaka ya 2000 nchi yetu imeona watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga na wateja wao walizisoma ngozi zao kama ishara ya mali. Wengine walisema kwamba watu hao hawafi, hutoweka tu. Usurealisti huo haukuwa wa televisheni. Uliandikwa kwa panga juu ya miili ya watoto.

Wenyeji wa sehemu hizi wana ushuhuda wa zamani juu ya jambo hili. Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi anasimulia juu ya Mbega, aliyeota meno ya juu kwanza. Kwa desturi ya wakati ule alikuwa kigego, na meno yake yalikuwa ishara ya msiba kwa ndugu. Jamaa zake wa Nguu walimnyima urithi, akaenda Kilindi, akafika Usambaa. Huko watu walimwona akiua nguruwe waharibifu na kugawa nyama kwa ukarimu, wakamfanya mtawala wao. Ndugu zake walisoma meno. Wasambaa walitazama matendo.

Neno la Katekisimu

Sisi Walutheri tuna msaada ulio karibu. Katika Katekisimu Ndogo, Luther anaeleza amri ya nane kwamba haitoshi kutomsingizia jirani. Yatupasa pia kumtetea na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Basi kumfasiri jirani kwa ngozi yake ni ushuhuda wa uongo, kwa maana tunaisemesha ngozi neno ambalo Mungu hakuliandika juu yake. Na katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, Luther alifundisha kwamba mtheolojia wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake halisi. Ugonjwa na uitwe ugonjwa, maigizo maigizo, na mauaji mauaji.

Kwa hiyo mchungaji anapoulizwa juu ya picha za ndoto, na amwongoze mtazamaji kwa maswali manne. Kwanza, ni nani anayesimulia, naye anasema na nani? Pili, kuna historia gani chini ya ndoto hii? Tatu, rangi iliyoonyeshwa ni ya kitu au ya mwili wa mtu, na kama ni ya mwili, je, mtunzi anatufundisha kuudharau, au anatuonyesha uchungu wa kudharauliwa? Nne, baada ya kutazama, nimwone jirani yangu kwa jinsi gani?

Kwa maswali hayo, binti aliyesema juu ya mkorogo alikaribia ukweli kuliko sisi sote. Jumba la Teddy Perkins halina pepo. Lina mtoto aliyepigwa mpaka akaamini kwamba kupendwa ni kuwa mtu mwingine. Nyumba za namna hiyo ziko Handeni na Korogwe pia, na mchungaji ana haki ya kubisha hodi.

Hitimisho

Katika Ufunuo sura ya 7, Yohana anaona mkutano mkubwa wa kila taifa na kabila mbele ya kiti cha enzi. Kilichofanywa cheupe hapo ni mavazi. Ngozi hazikuoshwa, wala mataifa hayakufutwa.

Hilo ndilo nililopaswa kulisema siku ile, kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma: kwamba uso wa pepo uliokuwa katika simu ile ni rangi iliyopakwa na mwigizaji, na kwamba uso wa dada yetu aliyeketi pamoja nasi ni kazi ya mikono ya Mungu. Semina nyingine itafanyika. Bwana atujalie tusinyamaze tena.