Mwarobaini na Meno ya Watoto Wetu

Ni nadra kupita katika mitaa yetu ya pwani bila ya kuuona mwarobaini. Mti huu, ambao asili yake ni Bara Hindi, tuliupa jina kwa kuitakidi kwamba hutibu maradhi arubaini. Mtoto akilia kwa maumivu ya jino, wengi wetu huyakimbilia majani yake kabla ya kwenda hospitali. Je, wataalamu wanapoyapima maabarani, huthibitisha nini hasa?

Kuoza kwa meno hakuletwi na funza, kama walivyodhani wazee. Huletwa na bakteria, na aliye mashuhuri zaidi ni Streptococcus mutans, aliyetambuliwa na J. Kilian Clarke mwaka 1924. Bakteria huyu hula sukari iliyobaki kinywani na kutoa asidi, nayo asidi huyeyusha tabaka gumu la jino mpaka likafanya tundu.

Upimaji hufanywa hivi. Majani huoshwa, hukaushwa kivulini, husagwa, kisha hurowekwa katika maji au ethanoli, ambayo ni aina ya spiriti. Huchujwa na kukaushwa mpaka libakie dondoo zito. Bakteria nao hupakwa ndani ya kisahani, juu ya agari, jeli itokanayo na mwani. Katika jeli hiyo hutobolewa vishimo. Kimoja hutiwa dondoo. Cha pili hutiwa spiriti tupu, ili ijulikane kuwa si yenyewe iliyofanya kazi. Cha tatu hutiwa klorheksidini, dawa ya kusukutulia, iwe ya kulinganishia. Kisahani huwekwa katika joto la nyuzi 37 kwa siku moja au mbili. Bakteria wakishindwa kuota kandoni mwa kishimo, hubaki duara safi, nalo hupimwa kwa milimita.

Dondoo la mwarobaini limeonyesha duara hilo katika majaribio kadhaa. Ni habari njema, lakini ina mipaka yake. Kwanza, dondoo la spiriti si sawa na majani yaliyochemshwa jikoni. Kila njia hutoa kemikali zake, kwa kiasi chake. Pili, kinywani bakteria hujikinga ndani ya utando unaoganda kwenye jino, na mate huiondoa dawa upesi. Kisahani hakina mate. Tatu, na hili ndilo kubwa, duara la maabarani halizibi tundu la jino.

Hapo ndipo penye hatari. Maumivu yakitulia, mzazi hudhani mwanawe amepona, kumbe kiini cha jino kimekufa na usaha unajikusanya chini yake. Mtoto aliyevimba shavu au mwenye homa apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Wala mtoto mchanga asinyweshwe mafuta ya mwarobaini, kwani yamewahi kuleta degedege na hata mauti.

Basi, wazazi wenzangu, tuidumishe Sunna ya mswaki. Tuwasimamie watoto wapige mswaki kwa dawa yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala, na tuwapunguzie kashata, visheti na chai ya sukari nyingi. Jino likishatoboka, tusingoje majani. Twende kwa daktari wa meno mapema, lingali linazibika.

Wallahu a'alam.