Mafuta ya Maziwa ya Mama
Mama, mtoto wako akizaliwa mbele ya wakati, usikubali watu waseme maziwa yako ni maji tu. Mafuta ya kujenga ubongo na macho, mtoto anayapata zaidi katika miezi 3 ya mwisho ya mimba. Huyu ametoka mbele ya kushiba. Maziwa yako yanayo. Yale ya manjano ya siku za kwanza, nkambo asiyatupe!

Kila mara ya kunyonyesha, maziwa ya kuanzia ni mepesi, ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Mtoto mudogo anachoka mbele ya kuyafikia. Basi kamua mpaka mwisho, apewe kwa mpira ao kikombe, kama muganga anavyoonyesha. Yakikaa, mafuta yanapanda juu: tikisa polepole.

Na wewe baba, siku ya mshahara leta samaki, mama akule. Mafuta yale yanapita katika maziwa.