Somo la Usanifu Ufukweni Rumonge

Mwanafunzi wa usanifu atajiwapo safari ya nchi za nje hufikiria majumba marefu ya Ulaya. Kwa kijana wa Kigoma, nchi ya nje iko jirani mno: akipita Manyovu na kuvuka mpaka hadi Mugina, huteremka Nyanza-Lac, kisha barabara ya kandokando ya Ziwa Tanganyika humfikisha Rumonge. Hana budi kurudisha saa yake nyuma kwa saa moja, na atazame vema kabla ya kuvuka njia, maana magari ya Burundi hupita kulia. Lugha haitamsumbua, Kiswahili kimezoeleka Rumonge.

Siku ya masomo yafaa ianze alfajiri, mitumbwi irudipo. Wavuvi hufunga mitumbwi pamoja kwa miti, wakaning'iniza taa juu ya maji na kuteremsha wavu chini yake. Dagaa, waitwao huko ndagala, huifuata taa gizani. Ndipo wavu huinuliwa. Zana hii ilienea ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwanafunzi akiichora atakuta hakuna kipande kilichowekwa kwa pambo.

Lakini somo kubwa liko nchi kavu. Kwa miaka mingi dagaa walianikwa juu ya mchanga mtupu. Walichukua hata siku tatu kukauka. Wanyama walipita juu yao, na mvua ya ghafla iliozesha mali yote. Kila mama apikaye anawajua dagaa wa namna hiyo: huoshwa mara nne, na bado mchanga husagika menoni.

Mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilianza kuwaonyesha wakaushaji wa upande huo wa ziwa chanja za wavu wa waya, zilizoinuliwa kiasi cha mita moja. Hewa hupita juu na chini, maji hudondoka, na jua likiwa kali kazi ya siku tatu huisha kwa muda wa saa nane hivi. Mvua ikitishia, dagaa hufunikwa papo hapo. Bei nayo ilipanda, kwani mnunuzi hulipia kwa moyo mkunjufu kitu asicholazimika kukichambua. Vyuo vinavyomfundisha kijana kuchora viti visivyokalika vingepaswa kumpeleka kwanza mbele ya chanja hii.

Mchana ni wa mawese, zao lililoipa Rumonge jina. Chikichi huchemshwa, hupondwa, kisha hukamuliwa katika pipa la chuma lenye matundu, parafujo ikizungushwa kwa mtaimbo mrefu. Makapi huwa kuni za kuchemshia mkupuo ufuatao.

Anayeendelea kuelekea Bujumbura atalikuta jiwe la Mugere, walipopita Livingstone na Stanley mwezi Novemba 1871. Wengi huambiwa kwamba ndipo walipokutana mara ya kwanza. Sivyo; walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji.

Familia ikaayo karibu na ziwa yaweza kujitengenezea chanja: miti minne imara, fremu ya mbao, na waya wenye matundu madogo yasiyopitisha dagaa. Isimamishwe mbali na ukingo wa maji. Mwaka 2024 ziwa lilifurika na kuingia katika makazi ya ufukweni Burundi, Rumonge ikiwamo.