Siti za magari Ifakara: faida iko kwenye mkato

Tangu daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lifunguliwe rasmi mwaka 2018, magari ya abiria yaendayo Lupiro, Mahenge na Malinyi hayategemei tena kivuko. Vumbi la kiangazi na matope ya masika, hata hivyo, hayakuondoka na kivuko, na siti ndizo zinazoumia.

Mwenye Hiace iliyochanika siti ana njia tatu. Siti mpya ni ghali. Ya mtumba kutoka Gerezani, Dar es Salaam, mara nyingi imechoka kama ile inayotolewa. Inabaki cherehani. Na kwa kuwa gari likilala hakuna hesabu ya siku, fundi anayemaliza kazi usiku mmoja hupata wateja hata bei yake ikiwa juu kidogo.

Kazi yenyewe haina siri. Kava kuukuu hufumuliwa mshono kwa mshono, vipande vikanyooshwa na kutumika kama vipimo vya kukatia, kila ukingo ukiongezwa sentimita 1.5 za mshono. Hapo ndipo fedha hupotea. Jora la ngozi bandia kwa kawaida lina upana wa sentimita 137. Kipande cha sentimita 67, pamoja na mshono, kinafika 70. Viwili ni 140, havikai sambamba. Kwa sentimita 3 tu, fundi analazimika kukata urefu mwingine wa jora. Mwenye akili hugeuza kipimo, au pengo hilo hulijaza kwa mfuko wa gia na vipande vya milango. Asiyefanya hivyo humlipisha mteja mita zilizoishia sakafuni, au hujilipisha mwenyewe.

Uzi wa pamba ni rahisi, lakini jasho na unyevu huuozesha, polista hudumu. Sponji laini ya godoro nayo hubonyea mapema, na mteja hurudi akidai fedha zake.

Kuna hatari moja ambayo mafundi wengi huipuuza. Magari kadhaa ya Kijapani yana mfuko wa hewa ndani ya ubavu wa siti ya mbele, penye kibandiko cha SRS. Kiwandani mshono wa hapo hutengenezwa ili upasuke gari likigongwa ubavuni. Fundi akiupitisha uzi mgumu, au akivalisha kava juu yake, mfuko huo unaweza usifunguke inavyotakiwa. Kazi ya namna hiyo ni bora kuikataa kuliko kuibahatisha.

Kwa mwenye kutaka kuweka mtaji: fedha za mpunga huingia mikononi mwa watu bondeni kati ya Mei na Julai, na matengenezo yaliyoahirishwa hufanywa wakati huo. Majora yawe dukani kabla ya Mei, nyeusi na kijivu kwanza. Nyekundu huvutia macho, lakini fedha yako hulala nayo rafuni.