Mtaka Yote kwa Pupa: Kuwatembeza Watoto Wadogo Jijini Nairobi

Likizo ikikaribia hapa Garissa, utasikia huyu na yule wakisema, "Sisi tunaenda Nairobi." Wakubwa huenda kwa biashara, kwa matibabu au kwa harusi, na watoto wadogo hubebwa pamoja na mizigo. Kisha mzazi husema, "Hebu tuwatembeze watoto siku moja." Siku hiyo moja ndiyo ninayotaka kuieleza, maana sisi tuliiharibu wenyewe.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Mama, dada yangu, mimi na kaka yetu mdogo wa miaka minne tulifikia kwa mjomba, ambaye nyumbani twamwita abti, mtaani Eastleigh. Tukaandika orodha: makumbusho, garimoshi za zamani, wanyama, halafu madukani kununua viatu. Yote kwa siku moja! Saa tisa alasiri tulikuwa katikati ya jiji, miguu imechoka, mtoto amekataa kutembea. Mama aliinama kujaribu viatu. Mimi nikadhani dada amemshika mtoto mkono, dada naye akadhani ni mimi. Kugeuka, mtoto hayupo!

Tulihangaika karibu nusu saa. Lo! Kumbe mama mmoja muuza njugu alikuwa amemketisha kando ya kapu lake. Alikuwa amemwuliza jina lake, jina la mamake na anakotoka, lakini mtoto kimya. Si kwamba alikuwa bubu. Hakujua Kiswahili hata chembe, kwani nyumbani tunasema Kisomali tu. Mama yule alifanya jambo la hekima: hakumpeleka kokote, alikaa naye papo hapo alipompata. Mama yangu alilia machozi. Nami nilijilaumu sana. Mwanachama mzima wa Chama cha Kiswahili, nimeshindwa kumfundisha ndugu yangu sentensi moja!

Tangu siku hiyo tuna kanuni zetu za safari. Nakupa bure, msomaji.

Kwanza, mahali pamoja kwa siku moja. Orodha ni ya wakubwa. Mtoto hana haja nayo. Katika Jumba la Makumbusho ya Taifa kuna sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyekuwa na pembe ndefu ajabu, hata Rais Jomo Kenyatta akaamuru alindwe. Ahmed alikufa mwaka 1974. Kaka yetu alimzunguka mara tatu na kutaka mara ya nne, sisi tukamvuta, ati tunachelewa! Tungemwacha tu. Ndani ya uwanja huohuo kuna Bustani ya Nyoka, iliyofunguliwa mwaka 1961, kwa hivyo hamhitaji kupanda gari tena. Siku nyingine nendeni Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni, mtoto akaone vichwa vya garimoshi vya mvuke. Siku nyingine tena, wanyama. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, inahitaji gari. Lakini karibu na lango lake kuu kuna kituo cha wanyama yatima ambapo mtu hutembea kwa miguu, na watoto humwona simba kwa karibu.

Pili, ondokeni mapema. Mtoto mdogo ana nguvu asubuhi. Adhuhuri hutaka chakula na usingizi. Ukingoja jioni, msongamano wa magari utawakuta barabarani, naye mtoto analia mapajani pako.

Tatu, bebeni sweta. Garissa iko kama mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na Nairobi ni kama mita 1,700. Mtoto aliyezoea joto letu hutetemeka kule, hasa mwezi wa Julai. Maji na chakula kidogo pia visikose, kwani vya kununua njiani humaliza pesa.

Nne, ulizeni ada kabla ya kutoka nyumbani. Watoto hutozwa pungufu kuliko wakubwa. Siku hizi malipo ya sehemu nyingi za serikali hufanywa kwa simu, kwa hivyo kufika langoni na noti mkononi si hoja. Mwenye kujua ada hupanga. Asiyejua hurudi na watoto wenye huzuni.

Tano, na hii ndiyo kubwa: kila mtoto awe na mtu wake wa kumshika mkono, tena atajwe kwa jina kabla ya kutoka. Mtoto akiwa wa kila mtu, huwa hana mtu. Mfundisheni kusema kwa Kiswahili, "Naitwa fulani. Mama yangu anaitwa fulani. Natoka Garissa." Nambari ya simu iandikeni kwenye karatasi, mwitie mfukoni. Mwambieni pia akipotea asikimbie, asimame palepale. Nanyi wakubwa, ikumbukeni nambari 116, simu ya kuwasaidia watoto, ambayo haitozwi pesa.

Na kabla ya Nairobi, fanyeni mazoezi hapahapa. Nendeni Bour-Algi, kilomita chache kutoka mjini, mkawatazame twiga. Kule Langata watu hulipa kiingilio ili wawalishe twiga kwa mkono, nasi wetu wako jirani! Mtoto akizoea hapa kushikwa mkono na kusubiri, jijini hatawasumbua.

Likizo iliyofuata tulirudi Nairobi. Tulikwenda mahali pamoja tu, kwa Ahmed, na mtoto akamzunguka mpaka akatosheka. Saa saba tulikuwa kwa abti tukila. Siku ya kurudi, basi lilipovuka daraja la Tana kutoka Madogo, utingo alimtania: "Wewe kijana, waitwa nani?" Kaka yangu akasimama kitini, akataja jina lake, la mama na la mji wetu, kwa Kiswahili sanifu. Abiria wakacheka. Mama hakucheka, alimshika mkono tu.

Wahenga walisema, mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Sisi tulikaribia kumkosa mtoto. Likizo njema, msomaji.